Saa Moja Angani, Milango Mitatu

Bweni la wanafunzi, chumba namba 6
9 Januari

Baba, shikamoo.

Nimefika na nimeshapanda! Sikungoja hata kufungua begi. Mwalimu alitukuta langoni tunashangaashangaa, akauliza, "Nani anataka kuanza leo?" Wenzangu wakatazamana, mimi mkono ulishakuwa juu. Hiyo ya kujibu kabla swali halijaisha nimeirithi kwako.

Ndege yenyewe ndogo, usije ukadhani ni yale madude ya abiria mia mbili. Viti viwili mbele, viwili nyuma, na mlango unaufunga kwa kuubamiza kama wa ile pikapu ya muuza maziwa. Nilipitisha kiganja kwenye bawa kama ulivyonifundisha, macho nimefumba. Bati lake jembamba kuliko boneti yoyote uliyowahi kunyoosha! Mwalimu akauliza natafuta nini. Nikamwambia naisalimia.

Tulipoiacha ardhi nilipiga ukelele mpaka mwalimu akavua vile vidude vya masikioni. Akasema ana miaka kumi na tisa katika kufundisha na sauti ya namna hiyo hajawahi kukutana nayo. Nikamweleza kwamba nyumbani naitwa Tarumbeta, na kwamba ndiyo sauti ya mwisho baba yangu aliyoweza kuisikia kabla nyundo hazijayamaliza masikio yake. Nikamwambia pia kuwa meseji za simu huzitaki, eti herufi zake kama wadudu, kwa hiyo mimi ni mtu wa posta. Akacheka sana.

Sasa jambo la kukutisha kidogo. Kwenye dashibodi kuna kimita kinachohesabu. Injini ikiwaka tu nacho kinaanza, na tunalipia kila dakika, uwe unaruka au umesimama chini unangoja ndege nyingine ipite. Leo tulingoja dakika saba, nikatamani nishuke nisukume. Nimepiga hesabu kwa lugha yako: saa moja angani ni milango mitatu ya gari, kunyoosha na kupaka rangi. Ninazotakiwa kuruka ni saa mia mbili.

Lile gari bovu ulilolifufua kwa miaka sita ukaliuza ili nije huku, litanifikisha saa arobaini. Baada ya hapo sijui. Lakini baba, nimeruka!

Binti yako,
Tarumbeta


Gereji
20 Januari

Tarumbeta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano nilimsomea mteja aliyeleta gari limebonyea ubavuni. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti kwamba ana haraka. Nikamwambia kaa kitako, haraka ndiyo iliyokubonyeza. Akakaa, na mwisho akaandika tena kuuliza unaolewa lini. Bei yake nikaipandisha.

Milango mitatu! Nilitoka uani nikahesabu magari yaliyopo. Manne. Tuseme milango kumi na sita, kama yote imeumia, na haijaumia. Siku hizi nawaombea watu ajali ndogondogo zisizo na majeruhi, Mungu anisamehe.

Shangazi yako alipita na kapu lake la maneno. Akaniandikia kwenye karatasi: "Mtoto wa fundi bodi angesomea uhasibu." Nami nikaandika chini yake: "Wahasibu hawaruki." Akaikunja karatasi akaondoka nayo, sijui anaipeleka mahakamani.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi ni fundi, mafundi nawajua. Usimlipe fundi yote kabla ya kazi. Ukimlipa yote umempa nauli ya kutoroka. Nusu mbele, nusu nyingine ukishauona mlango unafunga. Hao wa ndege nao ni mafundi tu, tofauti ni shati jeupe.

Kula, lala. Mpanda ngazi hushuka, lakini wewe ushuke taratibu.

Baba yako,
Nyundo


Chumba namba 6
2 Machi

BABA!

Peke yangu! Nimeruka peke yangu! Naandika nimesimama, utanisamehe mwandiko.

Ilikuwa hivi. Tumetoka kutua mara tatu, mwalimu akaniambia simama pembeni, akafungua mlango injini inawaka, akashuka. Akagonga bati mara mbili kama unavyogonga wewe gari likikamilika, akaenda zake kukaa kivulini! Nikakitazama kile kiti kitupu. Nikajua leo hakuna wa kumsingizia. Nikaongeza moto, na ndege ikanyanyuka kabla sijajiandaa, maana mwalimu ni mnene na uzito wake ulibaki kivulini. Niliimba, baba. Niliimba huku naangalia paa za nyumba na nguo zilizoanikwa za watu nisiowajua. Nikazunguka, nikashuka, nikadunda mara moja. Sawa, mara mbili. Watu wa mnara wa kuongozea ndege wakasema redioni, "Hongera, rubani." Wenzangu wakanimwagia ndoo nzima ya maji, nami nikapata nafasi ya kulia bila mtu kujua.

Sasa baba, kaa kitako na wewe. Mhasibu wa chuo ametutangazia kwamba atakayelipa saa zake zote zilizobaki kufikia tarehe 24 mwezi huu atapunguziwa moja ya tano. Moja ya tano! Kwangu ni karibu milango mia. Mwenzangu wa chumbani baba yake ni mwalimu mstaafu, naye ametoa kiinua mgongo chote, amelipa jana. Darasa zima wanalipa. Najua ulichosema kuhusu mafundi, lakini hii si gereji, ni chuo, kina bendera getini na wasichana wa mapokezi wamevaa tai.

Nakuomba. Sijui utaitoa wapi, na kukuuliza naogopa.

Tarumbeta


Gereji
12 Machi

Rubani wangu,

Nimecheza! Na goti langu hili bovu, nimecheza uani, wateja wawili wanaangalia. Kisha nikachukua ile rangi nyekundu iliyobaki kwenye gari la zimamoto, nikaandika ukutani herufi kubwa: PEKE YAKE, 2 MACHI. Anayeingia lazima aulize. Asipouliza namsogezea kiti karibu na ukuta.

Kuhusu kudunda, usijali. Hata mimi mlango wangu wa kwanza ulifunga ukagoma kufunguka, mwenye gari akatokea dirishani.

Hela imepatikana. Usiniulize imetoka wapi, mtu akiulizwa sana huishia kusema kweli. Nimeituma moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Wewe nenda kwa huyo mhasibu, tena utembee kwa madaha.

Baba yako,
Nyundo


Chumba namba 6
25 Machi

Baba, shikamoo.

Nilitembea kwa madaha. Nilivaa sare iliyopigwa pasi, nikapanga foleni, nyuma yangu watu wanane. Mhasibu akaangalia kitabu chake, akasema kwa sauti ya kuita mnada, "Hii ni nusu, binti. Punguzo ni la waliolipa zote." Foleni nzima ikasikia. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia tena, ikawa nusu ileile.

Leo tarehe ya mwisho imepita. Wenzangu kila saa watailipia pungufu, mimi nitailipia kamili. Karibu milango mia imeyeyuka, baba, kwa sababu ya nusu.

Kama huna, sema huna. Sina haki ya kudai hata senti, hilo nalijua. Lakini uliandika kwamba imepatikana. Kwa nini uliniacha nikaaibike mbele ya watu?

Binti yako


Gereji
4 Aprili

Tarumbeta,

Umeandika "binti yako" bila jina. Nimeelewa, moto unawaka.

Nusu nyingine nimeizuia mimi, kwa akili zangu timamu. Ipo kabatini, chini ya mashuka. Nilikwambia Januari: fundi halipwi yote! Anayekupunguzia bei ili umlipe leo, jiulize kesho anaiogopea nini. Rahisi ghali, wahenga walishamaliza. Nilikwambia imepatikana, na kweli imepatikana. Sikukwambia nimeituma yote. Hapo nilikosea kwa aibu uliyoipata, na naomba radhi.

Ruka hizo saa zilizolipwa. Zikiisha nitafungua kabati. Kasirika ukitaka, lakini ukiwa angani usikasirike, utakosea usukani.

Usimwandikie shangazi yako kuhusu haya, ana shinikizo la damu.

Baba yako,
Nyundo


Chumba namba 6
19 Juni

Baba, wewe ni nabii!

Chuo kimefungwa. Juzi asubuhi tumekwenda darasani tukakuta mnyororo getini. Kumbe ndege hazikuwa zao hata moja, walikodi, na kodi walikuwa hawalipi. Mwenye ndege amekuja na marubani wake watano. Wakaziwasha moja baada ya nyingine, zikapanga mstari, zikaruka zote mbele yetu sisi tumeshika waya wa uzio. Ziliruka vizuri, ndicho kilichoniuma. Simu ya mhasibu haipatikani. Bweni tu ndilo halijafungwa, mwenye jengo ni mtu mwingine.

Mwenzangu wa chumbani amepoteza saa mia moja na ishirini. Anakunja nguo, anazikunjua, anazikunja tena. Baba yake bado hajui. Nimekaa naye siku mbili.

Mimi nimepoteza saa tisa. Tisa tu! Nilikulaani mwezi mzima, baba, naomba unisamehe, nilikuwa mpumbavu mwenye sare ya pasi. Saa zangu tisini na tano zimo kwenye kitabu changu, zimesainiwa, hizo hakuna wa kuzifuta.

Na sasa habari njema, tayari nimeshaitafuta. Upande wa pili wa uwanja kuna chuo kidogo cha mama mmoja, rubani mstaafu, ana ndege mbili na hana bendera. Anapokea wanafunzi na saa zao, na analipwa saa ikisharuka. Nilipomweleza kuhusu nusu yako akasema, "Huyo baba yako angenifaa niwe naye ofisini." Nitumie ile ya kabatini, na Jumatatu ijayo niko angani!

Tarumbeta wako


Nyumbani kwa shangazi
27 Juni

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Nilimkuta kaka yangu amekaa na barua yako mapajani, anatabasamu, chakula kimepoa. Akanionyesha pale ulipoandika nabii. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kabatini mna mashuka. Nayajua, nayafua mimi.

Baba yako aliuza gereji mwezi wa tatu. Yote, pamoja na kile chumba cha nyuma anacholala. Mnunuzi ni yule muuza vipuri wa mtaa wa pili. Akatoa nusu, na hela ilipohesabiwa baba yako akauliza nyingine iko wapi. Mtu yule akamjibu kwa kuandika kwenye karatasi, mimi nikiwapo, "Fundi, si wewe uliyenifundisha? Halipwi yote mpaka kazi iishe. Nusu nyingine siku utakayotoka ukanipa funguo." Kaka yangu akazihesabu noti upya kama vile zitaongezeka. Alichopata akakutumia chote, kisha kwa aibu akajigeuza mwenye busara. Kupata si kwa werevu, mwanangu, na kukosa si ujinga.

Alitumaini angekaa humo mpaka mwisho wa mwaka. Sikwambii haya ili ulie. Nakwambia ili ujue unachoomba, maana ukiiomba hiyo nusu unamwomba atoke ndani. Mimi nilisema uhasibu.

Hujambo lakini? Unakula?

Shangazi


Chumba namba 6
3 Julai

Baba,

Usitoke! Najua yote, shangazi ameniandikia. Usimpe yule mtu funguo, tafadhali, subiri unisome hadi mwisho.

Nimepata kazi! Nilikwenda kwenye karakana ya ndege kuulizia chochote, hata kufagia. Fundi mkuu alikuwa anabishana na vijana wake kuhusu bawa lililokwaruzwa, wao wanasema liko sawa. Nikaomba nishike. Nikafumba macho, nikapitisha kiganja, nikamwonyesha mbonyeo unapoanzia na unapoishia. Wakaleta taa wakamulika ubavuni, na kweli pamebonyea. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia nimesoma uani kwetu!

Nitakuwa napiga ribiti za kuunganisha mabati na kuyanyoosha siku tano kwa wiki, na mshahara wangu utanipa saa tatu angani kila mwezi. Itachukua miaka mitatu hivi. Si kitu, baba. Wewe kaa gerejini kwako. Ile nusu uliyopokea tutaongea na muuza vipuri, tumrudishie kidogokidogo. Usihame, nakuomba.

Tarumbeta


Kwa shangazi yako
3 Julai

Tarumbeta,

Habari ni nzuri tupu! Nimefungua kabati. Hela ilikuwa imekunjamana kidogo kwa kulaliwa na mashuka, lakini hela haina mikunjo ikifika benki. Imeshaingia kwenye akaunti yako. Mlipe huyo mama kila saa ikisharuka, hapo ndipo nabii wako anapokazia.

Usishangae anuani. Niko kwa shangazi yako siku mbili tatu, gereji inapakwa rangi na harufu yake inanisumbua kifua. Ananilisha vizuri, ila ananiandikia maneno makali kwenye pembe za magazeti, nashindwa kusoma habari za michezo.

Jumatatu uwe angani. Ukipita juu ya mji wowote, pungia mkono, huwezi kujua.

Baba yako,
Nyundo


Chumba namba 6
14 Julai

Baba, shikamoo.

Barua zetu zimepishana njiani. Nimesoma yako mara moja tu, zaidi nimeshindwa. Hakuna gereji inayopakwa rangi. Umetoka, umetoa funguo, na umenitungia tena hadithi ya mashuka.

Hela ipo, sijaigusa. Nataka kuirudisha, na sasa nitakwambia sababu, maana na mimi nimekuficha jambo tangu mwezi wa pili.

Leseni si kazi. Nilidhani ukimaliza saa mia mbili mashirika yanakugombania. Hapa uwanjani wapo marubani wenye leseni wasiopungua ishirini wanaozunguka na bahasha. Mmoja anauza viatu. Mwingine anaendesha teksi, na amevaa saa kubwa ya rubani. Mashirika yanataka uwe na saa elfu moja na zaidi, na ukitaka kufundishwa ndege kubwa unalipa tena, karibu sawa na hii ya mwanzo. Nilijua, baba, na niliendelea kukuandikia kuhusu ndoo ya maji na kuimba. Niliogopa ukijua utanirudisha nyumbani, na nilikuwa sitaki kurudi.

Huenda nikamaliza nikabaki na karatasi, nawe huna pa kulala. Siwezi kuruka nikiwa nimekikalia chumba chako. Mwambie muuza vipuri tunarudisha vyote.

Binti yako,
Tarumbeta


Kwa shangazi yako
24 Julai

Wewe,

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi, ndiyo maana unaona nimeanza ukurasa mpya.

Umeniandikia kama vile mimi ni kafara lako. Nani kakwambia? Sasa utaisikia kweli yote, na shangazi yako yuko hapa pembeni anahakikisha siongezi chumvi.

Mwaka jana mzima nilinyoosha magari kumi na moja. Mwaka, si mwezi! Magari ya siku hizi bampa ni plastiki. Likipasuka linatupwa, kijana mwenye bisibisi anafunga jingine, basi. Nilikuwa nafungua gereji asubuhi, nakaa na nyundo mapajani mpaka jioni, nafunga. Yale magari manne ya uani niliyokuandikia, mawili yalikuwa yametelekezwa na wenyewe. Gereji ilikuwa inakufa nami nikiwa ndani yake, na sikumwambia mtu. Kisha wewe ukaniletea barua ya ndege. Siku niliyoiuza nilikwenda benki natembea kama bwana harusi! Muulize shangazi yako. Anasema ni kweli, na kwamba alinionea haya.

Sikuuza kwa huruma. Niliweka dau, na ni dau langu. Kila barua yako nilikuwa narushwa angani bure. Utanipokonya hilo ili nirudi kukaa na nyundo mapajani?

Kuhusu mashuka, nilidanganya kwa sababu uliniita nabii na sijawahi kuitwa kitu kizuri namna hiyo. Kuhusu wale ishirini wenye bahasha, ulikosea kunificha, umeniumiza. Lakini tumefichana wote wawili, ngoma droo. Kama kazi haipo, haipo. Utakuwa rubani anayepiga ribiti, nami baba wa rubani anayepiga ribiti, na sote tutakula.

Pa kulala ninapo. Na nina kazi! Gereji ya mabasi wananihitaji siku nne kwa wiki. Ubavu wa basi ni ukuta mzima wa bati, Tarumbeta, bati la kweli, nagonga mpaka majirani wanaandika malalamiko. Miaka sitini na moja, na ndiyo mara ya kwanza napokea mshahara. Siku ya kwanza niliuliza nusu nyingine inalipwa lini.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nimeshavua hadi fulana. Ruka! Ukinirudishia hata shilingi nitairudisha, tutawatajirisha watu wa posta bure.

Baba yako,
Nyundo

Anasema kweli. Alitembea kama bwana harusi, na suruali ina rangi ya gari matakoni. Ruka, mwanangu. — Shangazi


Chumba cha kupanga, nyuma ya karakana
26 Februari

Baba, shikamoo. Na shangazi, shikamoo, najua unasoma juu ya bega lake.

Nimepita!

Mtihani ulikuwa tarehe kumi na moja. Sikukuandikia mapema maana nilitaka niandike mara moja tu. Saa zilitimia hivi: sitini na nne ni za hela yako, zilizobaki ni za ribiti zangu. Fundi mkuu alinipa kazi hadi Jumapili, na yule mama akaniruhusu niwe namnyooshea ndege zake, analipa kwa saa. Siku ya mtihani nilikuwa na hela ya jaribio moja. Nikianguka, jaribio la pili lingenisubiri mpaka mwaka mwingine.

Mtahini ni mzee mmoja mkavu, hatabasamu, anaandika tu. Tulivyofika juu ya mashamba akapunguza moto wa injini ghafla, akasema, "Injini imekufa. Nipeleke chini." Hapo ndipo watu wanapoanguka, baba. Unatakiwa uchague shamba mara moja na ulishike hilohilo. Nikachagua shamba moja lililovunwa, fupi kidogo, lina mtaro mwishoni. Nikaanza kushuka. Nikiwa katikati nikaliona jingine mbele, refu, tambarare, zuri ajabu! Mikono iliwasha. Mtahini alikuwa ananitazama mikono, si uso. Nikajiambia, wewe si umeshachagua? Nikashuka na shamba langu fupi, nikaushika mwendo, nikapita juu ya uzio, mpaka nikaona mabua yapo chini ya magurudumu. Akasema, "Inatosha, ongeza moto." Tukapanda. Baada ya muda akaniuliza kama nililiona lile shamba refu. Nikamwambia nililiona. Akaniuliza mbona hukulifuata. Nikamwambia lisingefikika. Akaandika kitu kirefu, na tulipotua akanipa mkono.

Shirika kubwa bado, nisikudanganye, kudanganyana tumeacha. Lakini nina kazi! Kuna mwenye ndege moja ya mizigo, anasafirisha dawa na vipuri na magazeti kwenye viwanja vya vumbi. Alikuwa na maombi kumi na saba, wote wenye leseni, wengine wana saa nyingi kunizidi. Akataka rubani msaidizi atakayeweza kuliangalia bati lake kule mbali ambako hakuna fundi. Fundi mkuu akanitaja. Mshahara ni mdogo kuliko wako wa mabasi, usicheke, lakini kila safari naandika saa kitabuni, na mara hii anayelipia kimita si sisi. Naanza Jumatatu. Mwenzangu wa chumbani wa zamani nimemtafutia nafasi karakanani, ameanza kupiga ribiti, saa yake ya kwanza ya kujilipia mwenyewe ameruka juzi.

Leseni yenyewe imefika leo. Nilidhani itakuwa kitabu kikubwa chenye mhuri. Ni kadi, baba, ndogo kama ya kupigia kura, na picha yangu nimefumba jicho moja. Nimeitia kwenye mfuko wa shati. Gereji yote, na ua wake, na chumba chako, na ule ukuta ulioandika kwa rangi nyekundu, vyote vimeingia mfuko wa shati na kifungo kimefunga. Siwezi kutembea hatua kumi bila kuushika nione kama bado imo.

Ndani ya bahasha nimeweka nauli ya watu wawili. Njoo uishike.

Tarumbeta, rubani